Zabibu Zilizo Juu ya Vichwa Vyetu

Hotuba hii niliitoa mwishoni mwa Agosti hapa Greensboro, North Carolina, kwenye mkutano wa familia zinazozungumza Kiswahili. Wengi walikuwa kazini siku hiyo na wameomba waipate nzima. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Palipokuwa na picha nimeeleza kwa maneno.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango. Shikamooni wakubwa. Wengine wote, hamjambo. Bwana Yesu asifiwe, na as-salaam alaykum kwa ndugu zangu Waislamu.

Nimepewa nusu saa, na yote nitaitumia kwa tunda moja.

Kwanza niwaulize. Nani humu ndani, tangu afike Marekani, amewahi kula tunda ambalo halikutoka dukani? Inueni mikono. Naona michache. Haya, shusheni. Sasa, nani alikulia kwenye matunda ya porini huko kwao? Tazameni! Geukeni mtazame nyuma yenu! Ukumbi mzima mikono iko juu. Mabungo, ukwaju, ubuyu, kunazi, furu. Makusu kwa ndugu zangu wa Songea, ambayo ndugu zetu wa Lubumbashi wanayaita masuku. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kugombezwa na mama yake kwa kurudi nyumbani jioni midomo imebadilika rangi?

Basi imekuwaje? Imekuwaje watu waliolelewa na pori waje kukaa katika jimbo lenye misitu kila upande, halafu asiwepo anayeinua macho? Watoto wetu wanasubiri basi la shule chini ya zabibu. Sisi tunaegesha magari chini ya zabibu. Agosti inapokwisha na Septemba yote, zabibu zinaiva juu ya vichwa vyetu, zinaanguka, zinakanyagwa, rakuni, yule mnyama wa porini wa huku, anakula anashiba. Nasi tunakwenda supamaketi kulipia zabibu zilizosafirishwa kutoka California.

Zabibu hizi zinaitwa maskadaini. Ni za huku huku, hazikuletwa na mtu. Zinaota zenyewe kuanzia Delaware, kushuka hadi Florida, kisha kwenda magharibi hadi Texas na Oklahoma. Kwa hiyo mkiwapigia simu ndugu walioko Atlanta, Nashville au Houston, waambieni maneno haya yanawahusu. Walioko Maine na Minnesota watuwie radhi, huko baridi imezidi uwezo wake.

Ndugu zangu mliotoka Dodoma mnaijua zabibu vizuri: shina fupi lililopogolewa, matawi yaliyolazwa kwenye waya, mavuno mara mbili kwa mwaka. Maskadaini ni jamaa yake, ila haikubali kukaa chini. Inaupanda mti wowote ulio karibu mpaka ilione jua, hata kama jua liko mita ishirini au thelathini juu. Matunda yake hayashuki katika kichala kirefu. Yanakuja manne, sita, kumi pamoja, kila moja mviringo, jeusi la kuelekea zambarau, lenye ganda nene hasa. Yapo pia yenye rangi ya shaba. Hayo wenyeji huyaita skapanongi, na mwaka 2001 bunge la North Carolina liliyatangaza kuwa tunda rasmi la jimbo. Tunaishi jimbo ambalo tunda lake rasmi ni zabibu, na wengi wetu hatujalionja!

Thomas Jefferson, rais wa tatu wa nchi hii, alipanda mizabibu ya Ulaya kwenye shamba lake la Monticello kule Virginia. Wafanyakazi wa shamba lile walikuwa watumwa, na hilo tusilipite kimya. Alijaribu, akarudia, akajaribu tena kwa miaka na miaka, mizabibu ya Ulaya ikamkatalia. Joto la huku lina unyevunyevu. Kuna kuvu, kuna wadudu wa mizizini, kuna magonjwa ambayo mzabibu wa Ulaya hayawezi. Maskadaini inayaweza. Imezaliwa humo humo, imekua humo humo. Jefferson mwenyewe aliishia kuisifu divai ya skapanongi iliyotoka North Carolina.

Sasa nataka tuelewe kwamba mikono yetu haitakuwa ya kwanza kufika kwenye zabibu hizi.

Julai 1584, meli mbili za Waingereza zilizotumwa na Walter Raleigh zilifika pwani ya jimbo hili. Wakuu wake walikuwa Philip Amadas na Arthur Barlowe. Barlowe aliandika taarifa ya safari ile, na karibu jambo la kwanza alilolieleza baada ya kukanyaga nchi kavu lilikuwa zabibu. Alieleza kwamba zimejaa hadi mawimbi ya bahari yanazifunika. Ziko mchangani, ziko vilimani, zimetambaa juu ya kila kichaka, zimepanda hadi vilele vya mierezi. Akaandika pia kwamba watu wa pale hunywa maji, lakini majira ya zabibu yakifika hunywa divai.

Watu wa pale ni akina nani? Barlowe amewataja. Mtawala wao aliitwa Wingina, na alikuwa na ndugu aitwaye Granganimeo. Waingereza walipofika kwenye kisiwa cha Roanoke, Granganimeo hakuwepo nyumbani. Aliyewapokea ni mkewe. Aliagiza mashua yao ivutwe pwani, wabebwe mgongoni wasilowe, nguo zao zifuliwe, miguu yao ioshwe kwa maji ya moto. Kisha akawaandalia nyama ya kulungu, samaki, matikiti, mizizi na matunda.

Mama zangu, hamumtambui mama huyo? Mgeni hamjui, lugha yake haielewi, mume hayuko, na bado maji ya moto yanatengwa na chakula kinaletwa. Nani humu hakulelewa na mama wa namna hiyo?

Juni 1586, haikutimia hata miaka miwili, askari wa Ralph Lane, Mwingereza aliyeongoza koloni la Roanoke, walimuua Wingina.

Nawasimulia haya kwa sababu tunda hili limechumwa na mikono mingi, na si wote waliokuja kulila walikuja kwa heshima. Na msidhani wenye nchi wamekwisha. Walumbee wako kaunti ya Robeson, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa tulipokaa. Wacheroki wako milimani magharibi. Mkikutana nao, waulizeni kuhusu zabibu hizi, kisha tulieni msikilize. Ukitaka kuijua ardhi, anza na watu waliokula chakula chake muda mrefu kuliko wewe.

Kwenye kisiwa kile kile cha Roanoke, katika mji uitwao Manteo, uko mzabibu mmoja ambao wenyeji wanauita Mzabibu Mama. Wanaukadiria umri wa miaka 400 hivi. Miaka mia nne! Shina lake limenenepa na kujisokota, na matawi yake yanashikiliwa na vichanja. Mwaka 2010, watu waliokuwa wakipulizia dawa ya kuua majani kwenye njia ya nyaya za umeme waliufikia kwa bahati mbaya, na dawa ikaanza kusafiri ndani ya mmea. Matawi yaliyodhurika yakakatwa, mzabibu ukahudumiwa, ukapona.

Sasa fikirini wenyewe. Ikiwa dawa ilimfikia mzabibu unaojulikana jimbo zima, itashindwa kuufikia ule usiojulikana na mtu? Chini ya nyaya za umeme jua ni zuri na zabibu hujaa kweli kweli, lakini msichume hapo. Kandokando ya reli msichume. Kandokando ya barabara kuu msichume. Tafuteni ukingo wa msitu, kando ya mto, uzio wa shamba la mtu mnayemfahamu.

Haya, vijana, njooni mbele. Nina matawi hapa. Chukueni, pitisheni, kila mtu ashike kwa mkono wake. Nataka mtu yeyote asitoke humu akisema ameiona maskadaini kwenye picha tu.

Shikeni jani. Ni dogo, sentimita tano hadi kumi, karibu mviringo, na kingo zake zina meno makubwa. Juu linang'aa. Ligeuzeni. Mnaona? Na chini linang'aa, halina manyoya. Sasa tazameni ule uzi ambao mzabibu hutumia kujishikilia kwenye mti. Ufuateni kwa kidole hadi mwisho. Umegawanyika? Haukugawanyika. Ni uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Zabibu mwitu nyingine za misitu hii, uzi wao hupasuka ukawa miwili. Kisha gome: limebana shina, lina vidoa vidogo vidogo, halibanduki kwa vipande virefu. Na mwenye kisu akate tawi kwa urefu, apite kwenye kifundo pale jani linapotokea. Ule moyo laini wa katikati unapita kwenye kifundo bila kukatika. Zabibu nyingine zina ukuta mgumu hapo. Jani, uzi, gome, moyo wa tawi. Mkivijua hivyo vinne, mnaweza kuutambua mzabibu huu hata Januari ukiwa umepukutika. Na kuna wepesi mwingine: vuli likifika, majani yake hugeuka manjano kali. Pitieni Oktoba na Novemba mkiangalia juu, mtaona mahali pa kwenda mwakani.

Nawaambia tena na tena kuhusu kutambua kwa sababu ya kitu nilichokiona kwenye tafrija moja ya familia, bustanini. Mtoto wa kiume, mwenye umri wa darasa la tatu hivi, alitoka vichakani anakimbia, ameshika vitunda vyeusi vilivyoshikana, anapiga kelele: zabibu, zabibu! Watu walishaanza kunyoosha mikono. Bibi mmoja mzaliwa wa Bujumbura, mtu mkimya sana, akamwambia mtoto, hebu nipe hapa. Akalipasua tunda moja kwa kucha. Ndani palikuwa na mbegu moja tu, bapa, imepinda umbo la mwezi mwandamo. Bibi akavitupa vyote jaani, akamshika mtoto mkono wakaenda kunawa.

Mmea ule wenyeji wanauita munsidi, na una sumu. Matunda yake yanadanganya sana. Lakini utazameni: hauna nyuzi za kujishikilia, wenyewe hujizungusha kwenye mti. Kingo za jani lake hazina meno. Na kikubwa zaidi, mbegu. Zabibu ina mbegu kadhaa zenye umbo la tone. Munsidi ina mbegu moja iliyopinda. Kwa hiyo kabla hujala, pasua. Kabla hujampa mtoto, pasua. Hata kama ni mzabibu uliouchuma mwaka jana, pasua tunda la kwanza uone, kwa sababu munsidi hupenda kupanda mti ule ule.

Yupo mwingine, pokwidi. Huyu hapandi mti. Anasimama mwenyewe, shina jekundu la waridi, matunda meusi yamening'inia kwenye mkia mmoja. Sumu. Na yupo anayepanda mti mwenye vijani vitano vitano na vitunda vya buluu. Huyo naye haliwi.

Na poizoni aivi wengi wenu mmeshakutana naye, hasa wale mnaofanya kazi za bustani. Vijani vitatu vitatu, na akizeeka shina lake linakuwa na manyoya mengi lililogandia mti. Hupenda miti ile ile ya maskadaini. Msivute kamba yoyote ya mti kabla hamjaiangalia kuanzia chini. Mikono mirefu, suruali ndefu iliyoingizwa kwenye soksi, kwa ajili ya huyo na kwa ajili ya kupe. Na mkanyage taratibu, maana nyigu wa huku hujenga ardhini na wanazipenda zabibu zilizoanguka kuliko hata sisi.

Sasa kuna jambo linalowakatisha watu tamaa, na ningependa tulimalize leo. Mtu anaujua mzabibu, ana uhakika nao, uko nyuma ya nyumba yake, na mwaka unapita haujazaa hata tunda moja.

Jirani yangu mmoja, mama wa kutoka Uvira, alikuwa na mzabibu wa namna hiyo kwenye uzio. Akaumwagilia. Akautilia mbolea. Kila Septemba anakwenda kutazama, hakuna kitu. Akawa ameshaazima panga aukate. Nikamwomba asubiri hadi mwezi wa tano. Mwezi wa tano ulipofika tukatoka wote kutazama maua. Maua yake ni madogo mno, ya kijani, huwezi kuyaona ukipita, lakini ukisogea unasikia harufu tamu. Tukayaangalia moja moja. Yalikuwa na nyuzi za chavua tu, hakuna mahali pa tunda kukaa. Akacheka, akasema, kumbe huyu ni dume, kama mpapai!

Ndivyo ilivyo, ndugu zangu. Maskadaini ya porini ina mizabibu dume na mizabibu jike. Dume hazai, hata ukimpa mbolea ya ulimwengu mzima. Lakini bila yeye, majike ya jirani hayazai vizuri. Mizabibu yenye maua kamili, inayojichavusha yenyewe, ni ya mashambani. Watafiti waliizalisha katika karne iliyopita, na mmoja unaopandwa sana, uitwao Carlos, ulitolewa na chuo kikuu cha jimbo hili mwaka 1970. Huko porini bado ni dume na jike. Mama wa Uvira akarudisha panga. Kisha tukavuka barabara, tukatembea kufuata kijito, na huko tukakuta jike limepanda mti wa mwaloni, limejaa.

Nije kwenye suala la ruhusa, na hapa nawaomba masikio yote.

Kwetu wengi, tunda la porini ni la apitaye. Mtoto akipita akachuma bungo hamna anayemwita mwizi. Huku msitu karibu wote una mwenyewe. Mara nyingine hakuna uzio, hakuna mbwa, hakuna nyumba inayoonekana, na bado una mwenyewe. Angalieni vibao. Angalieni mistari ya rangi ya zambarau iliyopakwa kwenye miti. Katika majimbo kadhaa, letu likiwemo, mwenye ardhi huitumia kuwaambia watu wasiingie. Mbuga na misitu ya serikali ina kanuni zake, na zinatofautiana: kwingine unaruhusiwa kuchuma kidogo kwa ajili ya kula nyumbani, kwingine hugusi hata jani. Pigeni simu ofisini kwao muulize. Ni simu ya dakika tano.

Na sisi, tulio weusi, tuna sababu ya ziada ya kuuliza kwanza. Wakati wa utumwa katika majimbo haya, watu waliofungwa kwenye mashamba walipewa posho isiyotosha, wakajazia kwa kuwinda, kuvua na kuchuma porini. Pori liliwapa shibe ambayo mwenye shamba hakuwapa. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, majimbo ya Kusini yalianza kukaza sheria: sheria za uwindaji, sheria za uzio, sheria za kuingia kwenye ardhi ya mtu. Kwa nini wakati ule? Kwa sababu mtu huru anayeweza kujilisha porini hana haja ya kwenda kumlimia tajiri kwa ujira wa dhuluma. Wakamfungia pori ili njaa imrudishe shambani. Kwa hiyo mkiona Mmarekani mweusi mzee anasita kuingia kwenye kichaka kisicho chake, msimwone mwoga. Anajua anachokijua.

Mzee mmoja wa namna hiyo ndiye aliyenifundisha mengi kati ya haya. Ana shamba nje ya mji. Niliona zabibu kwenye uzio wake kutoka barabarani, nikaingia kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, nikabisha hodi kwa namna yao, nikasimama hatua chache kutoka mlangoni mikono ikionekana. Nikajitambulisha, nikasema nakaa wapi, nikasema nimeziona zabibu zake nikaomba ruhusa kuchuma ndoo moja. Akanitazama kwa muda. Akauliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akaniuliza kama kwetu zipo. Nikamweleza za Dodoma. Akavaa kofia tukaenda wote, akanionyesha uzio ambao bibi yake alikuwa akichuma, na namna alivyokuwa akichuma. Siku ya pili nilimpelekea chupa ya jemu. Tangu hapo kila Septemba ananipigia simu yeye mwenyewe kuniambia zimeiva.

Hodi ile ilinipa zaidi ya ndoo ya zabibu, ilinipa mtu. Pigeni hodi, ndugu zangu. Pigeni hodi mchana, kwa mlango wa mbele, na mkipewa, rudini na kitu mkononi.

Sasa kuchuma kwenyewe, jinsi nilivyoonyeshwa na mzee. Maskadaini haziivi kwa pamoja. Kwenye kishada kimoja hii imeiva, ile bado ya kijani. Iliyoiva haitaki nguvu, unaigusa inadondoka. Ukihitaji kuivuta, iache. Zilizo juu usizipandie. Tandika shuka kuukuu au turubai chini, shika mzabibu, utikise. Zilizo tayari zitashuka, zisizo tayari zitabaki. Na usimalize. Kuna kulungu, kuna bata mzinga wa porini, huko pwani kuna dubu, wote wanategemea zabibu hizi wakati baridi inakuja. Chukueni ya kula na ya kupika, nyingine ziacheni.

Na kuila? Nina bakuli hapa, nimechuma jana. Mama, chukua moja. Usiitafune nzima, ukiitafuna nzima utakutana na ganda na mbegu na uchachu vyote kwa mpigo, utaitema. Igeuze, tafuta tundu dogo pale kikonyo kilipokuwa. Weka tundu hilo kwenye midomo, kisha bana ganda kwa vidole. Nyama yake inaruka yenyewe mdomoni. Tamu? Subiri, usimeze. Zungusha kwa ulimi, mbegu zitoe. Sasa rudi kwenye ganda, litafune taratibu, utamu mzito uko hapo, na harufu yote iko hapo. Ukimaliza liteme au limeze, upendavyo. Sikilizeni, mama anacheka! Hiyo harufu aliyoisikia mdomoni ndiyo itakayowaonyesha mzabibu msituni. Siku ya joto, Septemba, unaisikia kabla hujaona tunda lolote.

Wapo wanaotengeneza divai, hata viwanda viko, kule kaunti ya Duplin mashamba ni makubwa. Mimi leo nazungumza jemu, ambayo kila nyumba humu inaweza kuila.

Osheni zabibu. Kaeni watu wawili watatu mezani, maana kazi hii yataka maongezi. Vaeni glavu za jikoni. Asidi ya maskadaini ikikaa mikononi muda mrefu inawasha, na wenye ngozi laini wataikumbuka hadi kesho. Kila zabibu ibaneni: nyama kwenye sufuria hii, maganda kwenye sufuria ile. Maganda yatieni maji kidogo, yachemke taratibu hadi yalainike, dakika ishirini hivi. Nyama iwekeni motoni bila maji, itajivunja yenyewe, kisha ipitisheni kwenye chujio kwa mwiko ili mbegu zibaki. Changanyeni vyote viwili. Kila vikombe viwili vya mchanganyiko, kikombe kimoja cha sukari, na ndimu. Koroga bila kuondoka, hadi ukipitisha mwiko uone chini ya sufuria. Kwa sukari hiyo ndogo jemu iwekwe kwenye friji, na zilizozidi ziende friza. Wanaotaka juisi, ilazeni usiku mzima kwenye friji. Asubuhi mtakuta punje za asidi zimetuama chini, mimineni ya juu. Na wenyeji wana pai ya maganda, ambayo mimi naipenda kuliko jemu, lakini hiyo mwulizeni dada aliyeleta ile iliyoko pale mezani, ameiva kwenye mambo hayo.

Nimemaliza nusu saa yangu, kwa hiyo nitoe taarifa. Mzee wa shamba ameturuhusu kuja Jumamosi ijayo, familia zisizozidi kumi kwa mara moja, kwa hiyo andikisheni majina kwa mama aliyekaa karibu na chai. Tunakutana kwenye maegesho ya hapa saa moja asubuhi ili tuchume kabla jua halijawa kali na nyigu hawajachangamka. Suruali ndefu, soksi, viatu vya kufunika, maji ya kunywa. Ndoo na mashuka kuukuu kila familia ije na vyake. Watoto waje, na kila mtoto awe na mkubwa wake. Na kila familia ilete kitu kimoja cha kumpa mzee, chapati, maandazi, sambusa, chochote mnachokipika vizuri. Nilimwuliza anapenda nini, akasema hajui bado, tumlishe ndipo atuambie.

Asanteni sana. Karibuni mezani muonje, na wenye maswali nifuateni huko huko.